Oili ya gia ipi uweke kwenye kwadi, na oili ya injini inavujia wapi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa karibu kila wiki na wenye kwadi, hizi pikipiki za matairi manne zinazotembeza wageni huku Unguja, Nungwi, Kiwengwa, Paje na vijijini katikati. Nazitengeneza hizi kila siku na kinachoniuma ni kuona mashine nzima inakufa kwa oili isiyo yake au kwa oringi, kile kipira cha duara cha kuzuia oili, cha bei ya soda, kwa hiyo nimeandika kila kitu ninachowajibu watu mdomoni, soma taratibu hata kama swali lako liko chini kabisa.

Kwani kwadi si inatumia oili moja tu kama bodaboda?

Hapa ndo makosa mengi yanapoanzia, kabla hujauliza oili gani uliza kwanza kwadi yako ina vyungu vingapi vya oili. Zile ndogo za Kichina za 110 na 125 zenye mnyororo nyuma, hizo kweli ni chungu kimoja, injini na gia na klachi vyote vinaogelea kwenye oili moja na inaingia chini kidogo ya lita moja. Zile 150 zenye injini ya skuta, ile wanayoita GY6, tayari ni vyungu viwili: kuna ya injini halafu kuna kigia boksi kidogo kule nyuma karibu na ekseli kinachokunywa mililita 100 mpaka 120 hivi za oili ya gia, na nimeshafungua nyingi sana ambazo kile kigia boksi hakijaguswa tangu itoke kwenye boksi lake, oili nyeusi kama lami.

Ukija kwenye 4x4 za kazi, mfano Honda Rancher ya TRX420, ni vyungu vitatu: injini pamoja na gia na klachi ni oili moja, difu ya mbele, yaani boksi la gia linalozungusha ekseli, ina yake, na ile ya nyuma ina yake. Yamaha Grizzly 700 nayo ni hivyo hivyo, ila katikati kuna mkanda wa kupeleka nguvu kwenye gia ambao unatakiwa uwe mkavu kabisa, ukikuta oili mle kwenye kava la mkanda ujue kuna sili, ile raba ya kuzuia oili kwenye shafti, imeachia. Polaris Sportsman wao wametenga, injini ina oili yake peke yake, gia boksi yake peke yake, mbele yake peke yake. Na kuna Honda TRX450R, ile ya mbio ya mnyororo, watu wengi hawajui kwamba injini na gia boksi kwenye ile ni sehemu mbili tofauti ingawa kwa nje unaona bloku moja, sasa mtu anamwaga upande mmoja na kujaza upande mmoja miaka nenda miaka rudi.

Lala chini na tochi uhesabu boliti za kumwagia, halafu chukua rangi au maka uandike pembeni ya kila tundu oili inayoingia na kiasi chake. Mimi kwenye kwadi zote ninazozihudumia nimeandika, hata fundi mwingine akija hatabahatisha.

GL-4 na GL-5 tofauti yake nini, na ninunue ipi?

GL ni daraja la oili ya gia linalowekwa na API, taasisi ya mafuta ya Marekani. Meno ya difu hayakutani kama meno ya gia boksi ya kawaida, yale yanasuguana kwa kuteleza huku yamebanwa kwa nguvu kubwa sana, oili peke yake inakamuliwa inatoka katikati ya meno, kwa hiyo wanaweka dawa za salfa na fosforasi zinazotengeneza ngozi juu ya chuma. GL-5 ina dawa hizo karibu mara mbili ya GL-4. Ile harufu kali ya yai viza ukifungua difu ya zamani ndo hiyo salfa.

Tatizo la GL-5 ni kwamba dawa hizo zinaweza kula madini ya njano, shaba na jamii yake, ndo maana kwenye gia boksi zenye bushi au ringi za shaba tunaambiwa tusiweke. Kwenye difu ambayo ndani ni chuma kitupu na beringi haina shida. Kwa hiyo mimi naenda hivi: kitabu cha mashine kikisema GL-4 naweka GL-4, kikisema GL-5 naweka GL-5, na sibadilishi eti kwa sababu namba kubwa ni bora zaidi, kwenye hizi namba ukubwa si ubora. Yamaha kwenye vitabu vyao vingi wanataja SAE 80 (hiyo ni namba ya uzito wa oili) ya GL-4, Honda wanataja haipoidi, yaani oili ya meno ya difu, SAE 80. Ile 80 tupu huku dukani ni shida kuipata, tunayoipata ni 80W-90 na kwa joto letu inafanya kazi vizuri, nimeitumia miaka yote.

Angalia mgongoni mwa kopo, siyo mbele. Mbele wanaandika maneno matamu tu, nyuma kwa maandishi madogo ndo utakuta API GL-ngapi. Kopo halina kabisa hayo maandishi? Lirudishe.

Fundi, 80W-90 si nzito sana kuliko 20W-50 ya injini? Haitafanya difu iwe ngumu?

Hapana, na swali hili nalipenda manake karibu kila mtu anadhani hivyo. Namba za oili ya gia na namba za oili ya injini ni vipimo viwili tofauti, ni kama kupima kitambaa kwa mita na mwingine kwa yadi. Oili ya gia namba 90 ikipimwa kwenye nyuzi 100 za selsiasi inakuwa na uzito wa sentistoki 13.5 mpaka 18.5. Ya injini namba 40 ni 12.5 mpaka 16.3, na namba 50 ni 16.3 mpaka 21.9. Ukiziweka pamoja unaona kabisa ile 90 ya gia imekaa katikati ya 40 na 50 za injini. Ila usije ukachukua hili ukasema basi naweka oili ya injini kwenye difu, uzito unafanana lakini dawa za kulinda meno hazimo.

Nimebakiwa na oili ya gari, naweza kuweka kwenye injini ya kwadi?

Inategemea klachi iko wapi. Kama klachi inakaa ndani ya oili ya injini, na hiyo ni karibu kwadi zote za Honda na za Yamaha na zile ndogo za Kichina, basi tafuta oili iliyoandikwa JASO MA au MA2. Hicho ni kipimo cha Wajapani kilichotoka 1998 maalumu kwa injini za pikipiki zenye klachi ya kwenye oili. Oili nyingi za magari madogo ya sasa zinawekewa dawa ya kupunguza msuguano ili gari lile mafuta kidogo, na klachi inaishi kwa msuguano, ukiuondoa inateleza. Dalili zake unazijua, unakamata mafuta injini inalia juu lakini kwadi haiendi, hasa kwenye mchanga au kilima na abiria wawili. Grizzly ina mkanda lakini bado ina klachi ya ndani ya oili, kwa hiyo isikudanganye.

Kuna JASO MB pia, hiyo ni ya skuta ambazo klachi yake ni kavu, kwenye ile 150 ya GY6 upande wa injini inafaa kabisa. Ukiiweka kwenye Rancher umejitafutia kazi.

Ukiona kopo lina ile alama ya duara ya API na sehemu ya chini ya duara wameandika Resource Conserving, au Energy Conserving kwenye makopo ya zamani, liache kwa ajili ya gari. Kama ulishaweka na klachi imeanza kuteleza usikimbilie kununua sahani mpya, mwaga, weka oili sahihi, tembea siku mbili tatu, mwaga tena uweke nyingine. Mara nyingi inarudi. Isiporudi hapo ndo tufungue.

Kwa joto la huku 10W-40 au 20W-50?

Zote mbili zinaishi huku. Ile W ni habari ya baridi, na sisi asubuhi ya baridi kabisa bado ni nyuzi ishirini na kitu, kwa hiyo 20W haitaganda wala nini. Kwa injini nzima isiyokula oili mimi naweka 10W-40 manake ndo watengenezaji wengi wanayoitaja, kwa injini ya kupozwa na upepo inayozunguka polepole mchana kutwa kwenye msafara wa wageni, injini ambayo haipati upepo wa kutosha, naweka 20W-50. Nina jamaa zangu Muscat wanaonipigia simu kuhusu kwadi za kule kwenye michanga, huko kiangazi kinapita nyuzi 45 na mchanga laini unaifanya injini ivute muda wote, hao nawaambia 20W-50 bila kufikiria mara mbili, na wapime oili kila asubuhi.

Je oili za difu zote ni sawa kwa aina zote za kwadi?

Hapana. Difu ya mbele ya Polaris nyingi ina klachi ya virola vya chuma vinavyojifunga vyenyewe magurudumu ya nyuma yakiteleza, ile inataka oili yake maalumu nyepesi, ukiweka 80W-90 nzito 4x4 inaweza kukataa kushika au kukataa kuachia. Kawasaki Brute Force nazo breki yao ya nyuma ni sahani zinazokaa ndani ya oili humo humo kwenye difu, kwa hiyo oili ya kawaida inaifanya ipige kelele na kutetemeka ukikamata breki. Kwa hizi mbili sikushauri ubunifu, fuata kitabu.

Oili ya difu imekuwa kama chai ya maziwa, ni nini?

Maji. Na huku kwetu mara nyingi ni maji ya bahari, ambayo ni mabaya zaidi manake chumvi inakula beringi hata ukishayatoa.

Inatokea hivi. Difu imefanya kazi saa nzima imepata moto, hewa ya ndani imetanuka, halafu dereva anaingiza kwadi kwenye maji ili wageni wapige picha. Difu inapoa ghafla, hewa ya ndani inajikunja, inavuta. Kama mrija wa kupumulia uko wazi na uko juu itavuta hewa, kama umeziba au umekatika ukaning'inia chini itavuta maji, kama si kwa mrija basi kupitia sili za ekseli. Hata difu yenye sili mpya inaingia maji kwa njia hii.

Mwaga siku hiyo hiyo, usingoje wikiendi. Weka oili ya gia ya bei nafuu ya uzito ule ule, inyanyue juu ya stendi magurudumu yazunguke dakika tano, mwaga, rudia mpaka oili inayotoka haina weupe, kwa kawaida mara mbili au tatu inatosha, ndo uweke ile nzuri. Wengine wanasafisha kwa mafuta ya taa, mimi siyapendi manake yanabaki kwenye pembe za beringi na yanaipunguza nguvu oili mpya.

Na hizi mashine za presha za kuoshea, tafadhali msielekeze ule mdomo moja kwa moja kwenye ekseli. Sili imetengenezwa kuzuia oili isitoke, haikutengenezwa kuzuia maji ya presha yasiingie.

Kumwaga oili ya difu kuna ujanja wowote?

Upo mmoja mkubwa: fungua boliti ya KUJAZIA kwanza kabla ya kugusa ya kumwagia. Kijana mmoja aliniletea kwadi ameshamwaga oili yote halafu boliti ya juu imeshika kutu kabisa haifunguki, kichwa kimelika, difu tupu na wageni wanasubiri saa tisa. Ya juu ikifunguka ndo uhakika wa kwamba utaweza kurudisha.

Mwaga ikiwa ya moto kiasi. Angalia sumaku ya boliti kama inayo, ule ugoro wa kijivu laini kama dawa ya meno ni kawaida, ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa kidole hiyo ni meno au beringi inazungumza. Ujazaji, nyingi unajaza mpaka oili iguse mdomo wa tundu kwadi ikiwa imesimama sawasawa, lakini zipo zinazotaka kipimo cha mililita kamili, hapo tumia bomba la sindano kubwa la duka la dawa. Kujaza kupita kiasi kunaleta presha na presha inatafuta sili.

Kwadi yangu inavuja oili ya injini, sijui inatoka wapi, chini kote kumelowa. Naanzia wapi?

Anzia kwa kuosha. Najua unataka nikwambie ni sili gani, lakini injini iliyolowa kote haisemi kitu, oili inashuka kwa uzito wake na upepo wa kutembea unaisukuma nyuma, kwa hiyo pale inapodondokea karibu kamwe si pale inapotokea. Tone liko chini na nyuma, chanzo kiko juu na mbele yake.

Mimi nafanya hivi. Kwanza natoa ile sahani ya kulinda tumbo chini, manake huwa imehifadhi oili na mchanga wa miezi na inaendelea kudondosha hata kama uvujaji ulishakwisha. Halafu sabuni ya kukatia grisi, brashi, maji ya kawaida, nakausha kwa kompresa mpaka kwenye pembe za mapezi ya silinda na nyuma ya sprokiti. Naacha ikauke kabisa.

Kisha nachukua poda ya mtoto, ile ya kawaida ya dukani, nainyunyiza injini nzima mpaka inakuwa nyeupe. Nawasha inaunguruma dakika tano bila kutembea, nazima, naangalia kwa tochi. Kama hakuna kitu naitembeza mwendo mdogo dakika kumi, narudi. Kwenye ule weupe oili inachora mstari mweusi mwembamba, ufuate ule mstari kwenda juu mpaka unapokatika, pale ulipokatika weka kidole, ndo hapo. Nakumbuka Rancher moja ambayo kila fundi alisema ni sili ya mbele ya shafti, tulivyoipaka poda mstari ulianzia kwenye ile raba ndogo ya nyaya za magneti, oili ilikuwa inatambaa juu ya waya wenyewe, inapita nyuma ya kava, inadondokea kwenye shafti. Raba ile nikaisafisha, nikapaka silikoni kidogo kuzunguka, kwisha.

Kama poda haitoshi kwa sababu uvujaji ni mdogo sana, kuna rangi inayong'aa kwa taa ya zambarau unachanganya kwenye oili, unatembea siku mbili, usiku unamulika. Si ghali kama watu wanavyodhani.

Kitu kingine, hakikisha ni oili ya injini kweli. Chukua tone kwenye karatasi nyeupe. Ya injini ni ya kahawia mpaka nyeusi, ya gia ina ile harufu ya salfa, ya breki ni nyepesi na inakula rangi, petroli inakauka yenyewe.

Sehemu gani zinavuja sana?

Kwa ninazoziona, kwenye zile ndogo za Kichina ni oringi za vifuniko viwili vya tapeti juu ya hedi na sili ya shafti ya sprokiti, hii ya sprokiti inafichwa na grisi ya mnyororo watu wanaona ni grisi tu. Kava la chujio la oili nalo, mtu anabadilisha chujio oringi ya zamani inabaki imeng'ang'ania, anaweka mpya juu yake, zinakuwa mbili, siku ya pili oili yote iko chini. Kila ukifungua pitisha kidole kwenye mfereji uhakikishe hakuna nyingine. Washa ya boliti ya kumwagia, ile ringi bapa, kama ni ya shaba na huna mpya ichome kwenye moto mpaka iwe nyekundu uiache ipoe, inakuwa laini tena na inabana, kama ni ya aluminiamu nunua tu. Gasketi ya tenshena ya taimingi cheni, kile kinachokaza mnyororo wa ndani ya injini, nyuma ya silinda inachora mstari unaodanganya kwamba ni gasketi ya chini ya silinda, kwa hiyo kabla hujavua silinda bana boliti mbili za tenshena uone.

Kwenye kubwa zenye mkanda ni sili ya krenki ndani ya kava la mkanda, mipira ya kwenda kwenye rejeta ya oili, na kava la magneti.

Boksi la chujio la hewa limejaa oili, injini imekufa?

Siyo lazima. Sababu ya kwanza ninayoitafuta ni oili kujazwa kupita kiasi, injini inaitema kupitia mrija wa kupumulia na mrija huo unaishia kwenye boksi la hewa. Sababu ya pili kwadi ilipinduka au iliegeshwa kwenye mteremko mkali. Kama hakuna kati ya hizo, chomoa ule mrija kwenye boksi injini ikiwa inazunguka polepole, weka kiganja. Kupumua kidogo ndani nje ndani nje ni kawaida, ikiwa inapuliza kama pampu na moshi unafuata basi ringi za pistoni zimechoka.

Nimebadilisha sili mara tatu mahali pale pale na bado inavuja. Nimechoka.

Pole sana ndugu yangu, na naomba usinunue ya nne kwanza. Nenda kwenye mrija wa kupumulia.

Ilikuwa kwadi moja ya kule Kiwengwa, ilikuwa imelazwa msimu wote wa masika, ilipotoka tu difu ya nyuma ikaanza kutema oili kwenye ekseli. Sili ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote mpya. Ilivyonifikia nikachomoa mrija wa kupumulia pale juu chini ya kiti nikapuliza kwa mdomo, haukupita hata upepo wa sindano. Nikaukata inchi mbili, ndani nikakuta udongo mkavu mwekundu umejazwa kwa ufundi kabisa na vibuibui vikavu ndani yake. Dondora. Wale wanaojenga kwa tope wanapenda sana tundu la ukubwa ule na kwadi ikilala mwezi tu wanahamia. Difu ikipata moto presha haina pa kwenda, inasukuma kwenye sili, na hakuna sili itakayovumilia. Mrija mpya, kipande cha sponji laini mdomoni, sili ile ile ya tatu iko mpaka leo.

Injini nayo ni vile vile, mrija wake ukibanwa na tangi au ukiziba, oili inatafuta pa kutokea na utafukuza sili zote moja baada ya nyingine. Uvujaji ukihama, leo hapa kesho pale, ni presha hiyo.

Kama mrija uko wazi, vua sili upitishe ukucha kwenye shafti pale mdomo wa sili unapokaa. Ukucha ukinasa kuna mfereji umeshachimbwa, sili mpya itakaa kwenye mfereji ule ule. Usiizamishe mpaka mwisho kama ya zamani ilivyokuwa, iache nje milimita moja au mbili kama nafasi ipo, mdomo ushike sehemu mpya.

Sili mpya inaingizwaje, na nanunuaje bila jina la spea?

Soma namba zilizoandikwa kwenye sili yenyewe, kwa mfano 30 42 7 maana yake tundu la ndani milimita 30, nje 42, unene 7. Ukiwa na hizo namba duka lolote la beringi na sili Darajani au Kariakoo watakupa. Upande wenye springi unaangalia oili. Paka mdomo wa sili grisi kidogo, shafti yenye meno ifunge kwa plastiki au seloteipu ili meno yasikate mdomo, gonga kwa soketi yenye upana wa sili taratibu kwa kuzunguka, siyo nyundo moja upande mmoja.

Silikoni inatosha badala ya gasketi?

Kwenye baadhi ya viungo wenyewe walioitengeneza wanatumia silikoni bila gasketi, hapo sawa. Lakini kuijaza kama unapaka siagi, hapana. Ikibanwa inatokea pande mbili, ile unayoiona nje na ile usiyoiona ndani, ya ndani inakatika inaelea kwenye oili inaenda kuziba wavu wa pampu au kitundu cha kupeleka oili kwenye hedi. Nimeshatoa vipande vya silikoni nyekundu kwenye wavu wa injini iliyoungua kemushafti, na aliyeweka alidhani ameisaidia. Safisha nyuso mbili mpaka ziwe kavu, kata gasketi ya karatasi, kama unaona lazima silikoni basi uzi mwembamba tu na uiache ikauke kabla ya kuweka oili.

Oili inapungua lakini sioni hata tone chini.

Kwanza tuhakikishe unaipima sawa. Honda nyingi ile stiki unaiingiza bila kuikaza nyuzi, ukiikaza inasoma juu zaidi. Yamaha Raptor 700 na YFZ450 zina tangi la oili pembeni, injini ikikaa imezimwa muda mrefu oili inashuka kwenye bloku, unapima inasema haipo, unaongeza, unaijaza kupita kiasi. Hizo washa kwanza ipate moto, zima, subiri kidogo, pima.

Kama kipimo ni sahihi, angalia moshi. Wa bluu ukiwasha asubuhi halafu unaisha, ni sili za valvu. Wa bluu muda wote ukikamata mafuta, ringi. Na kama ni ya mkanda fungua kava la mkanda, oili inaweza kuwa inajaa mle bila kudondoka nje.

Boliti ya kumwagia imekula nyuzi, inazunguka tu.

Hii inasababishwa na kukaza kwa hasira, bloku ni aluminiamu na boliti ni chuma, nyingi zinataka nyutoni mita 20 mpaka 30 tu, ya Rancher ni 25. Usipige boliti kubwa kwa nguvu, peleka kwa mtu mwenye nyuzi za kuchomeka za chuma, tundu linatobolewa upya linawekewa springi ya nyuzi, linakuwa imara kuliko la mwanzo. Huku likitobolewa weka grisi kwenye kekee ishike vumbi la aluminiamu.

Ikianza kuvuja nikiwa njiani na wageni, niendelee au nisimame?

Tone moja moja ukisimama, endelea lakini pima kila kituo, na beba lita moja ya oili ile ile, siyo nyingine. Ikiwa inaangukia ekzosi utanusa na kuona moshi, hapo simama manake inaweza kushika moto. Ikiwa inaangukia diski ya breki, simama pia. Ikitoka kama uzi, zima papo hapo usiiburute mpaka kijijini, mimi nakuja na gari ya kuvuta, mgeni apande na mwenzake. Chini ya kiti weka washa mbili, oringi ya kava la chujio, kitambaa na kile kichupa cha poda.